Moto Usivuke Kamba

Ilikuwa tarehe sita ya mwezi Januari, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye kingo za dirisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ukumbini. Kwenye Ngazi, hatua chache tu chini ya mlango, ilikuwa bado Desemba, na theluji ilikuwa ikianguka taratibu juu ya vipandio, kwa kuwa mtawala wa Ngazi hakuwahi kuikubali kalenda mpya, na kwa kuwa paa la juu yake lilikuwa mali ya tawi jingine la ukoo, nalo tawi hilo lilikwisha kulibomoa likapata kuni. Mtu aliyepanda kutoka chini alipita katikati ya juma la Krismasi, akajikung'uta theluji mabegani, na alipoingia mlangoni akakuta sikukuu zimekwisha.

Wendelin alikuwa amesimama mlangoni hapo, akisali. Hakuomba kitu. Tangu baba yake afe alikuwa ameacha kuomba vitu, akabaki akimwambia Mungu habari tu, kama mtu anayemweleza jirani yaliyotokea nyumbani. Baba tumemzika jana, alisema moyoni. Moyo wake umetolewa ukatiwa katika kikasha cha fedha, ili mwana mmoja apate moyo na mwingine apate mwili, maana ndiyo desturi yetu. Mama alitazama. Hakulia. Leo tunagawana nchi.

Nchi yenyewe ilikuwa chumba kimoja.

Katika siku hizo nchi za Wajerumani zilikuwa nyingi na ndogo, na hii ilikuwa ndogo kuliko zote, ingawa haikuanza hivyo. Ilianza ikiwa bonde zima, lenye mto, misitu miwili, vijiji na kiwanda cha chumvi. Jina lake lilikuwa refu, kwa sababu watawala hawakupenda kuacha kutaja kitu walichowahi kuwa nacho, na kadiri nchi ilivyopungua ndivyo jina lilivyorefuka. Ilisemekana kwamba mjumbe aliyetumwa kulitangaza lote alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kabla hajalimaliza, akalimalizia ugenini, mbele ya watu waliokuwa wakivuna kabichi.

Babu wa kwanza wa ukoo, Ludolf, alimshikia Kaisari farasi wakati wa kuvuka mto, akapewa ardhi yote ambayo angeweza kuizungushia kamba. Akasuka kamba ya manyoya ya shingo za farasi, mwaka mzima akisuka, na kaka yake akimsaidia. Kamba ilipokwisha akamwua kaka yake, kwa ajili ya kipande cha shayiri kando ya mto. Kisha akajuta. Majuto yake yalikuwa ya kweli. Alilala kifudifudi mbele ya altare mpaka ndevu zake zikaota ukungu, na alipoinuka alikuwa na sheria. Wana watagawana sawasawa. Mkubwa atalaza kamba, mdogo atachagua upande. Kila upande utakuwa nchi kamili, yenye mtawala wake, sala yake na tarehe yake. Na moto usivuke kamba, kwa maana nchi iko pale moto wake ulipo. Kaa moja likivuka, nchi imevuka nalo. Na mtawala atakayeufuata moto wa mwenzake ng'ambo ya kamba, naye ameiacha ya kwake.

Ilikuwa sheria nzuri. Tangu siku ile hakuna ndugu aliyemwua ndugu. Bonde likawa mabonde mawili, mabonde yakawa vijiji, vijiji vikawa mitaa, mitaa ikawa ua wa kasri, ua ukawa vyumba. Kila mara mkubwa alilaza kamba na mdogo alichagua, wakashikana mikono wakaenda kusali. Kulikuwa na mtawala wa Kisima ambaye hakuwa na ndoo, kwa sababu ndoo iliangukia upande wa nduguye. Kulikuwa na mtawala wa Ghala ambaye hakuruhusiwa kufungua mlango wa ghala kwa nje. Raia walivumilia. Wakalipa ushuru wa kwenda kisimani, ushuru wa kwenda kanisani, na hatimaye ushuru wa kwenda msalani. Siku hiyo wakafunga virago wakaondoka, bila matusi, na wengine waligeuka kupunga mkono. Wakabaki watawala peke yao, kila mmoja na taji lake, wakiamkiana kutoka mpaka hadi mpaka kama majirani wanaoanika nguo.

Jambo hili ndilo lililomkosesha Wendelin usingizi tangu ujana wake. Alikuwa amepitia historia ya ukoo wake kipande kwa kipande akiitafuta dhambi, maana alifundishwa kwamba palipo na uharibifu lazima pawe na dhambi, na palipo na dhambi toba inawezekana. Hakuiona. Baada ya lile kosa la kwanza, lililokwisha kutubiwa, kila kamba ililazwa kwa haki. Hakuna aliyedhulumiwa. Ungeweza kumwita mmoja mmoja katika ukoo wote, mbele ya kiti cha hukumu, na kila mmoja angesema: nilipata sawa na ndugu yangu. Na bado mwisho wa haki hiyo yote ulikuwa chumba kimoja chenye meko upande huu na dirisha upande ule. Mwizi anaweza kurudisha alichoiba, aliwaza. Sisi turudishe nini, na kwa nani?

"Unasali au unahesabu?" Gisela aliuliza nyuma yake.

Gisela alikuwa mkewe. Alikuwa na mimba kubwa, akitembea ameshika kiuno, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Nasali."

"Sali haraka. Binamu yako wa Ngazi amekwisha kuvaa taji." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Mume wangu, nisikilize. Mtoto hazaliwi dirishani. Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye unayelaza kamba. Nataka meko."

"Mdogo ndiye anayechagua."

"Najua sheria zenu. Nimeishi nazo." Akamtazama. "Nawe unamjua mdogo wako."

Akaenda zake kuelekea kwenye meko.

Ukumbi ulikuwa mrefu. Mwisho mmoja palikuwa na meko makubwa ya mawe, yenye moto ambao haukuzimika tangu enzi za Ludolf, au ndivyo walivyopenda kuamini. Mwisho wa pili palikuwa na dirisha. Katikati palikuwa na kitanda, na kitandani alilala mama yao, Kunigunda, ambaye tangu mumewe afe hakuinuka. Sheria haikumtaja mjane. Ilitaja ardhi na vilivyo juu yake.

Mdogo wake, Ottmar, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akimlisha mama supu kwa kijiko. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono ya mkata miti ingawa hakuna mti uliobaki, na aliyekuwa akipuliza kila kijiko hata kilipokuwa kimepoa.

"Fungua mdomo, Mama."

"Umeweka chumvi?"

"Nimeweka."

"Umeweka ya kuokota. Kiwanda cha chumvi kiliondoka na babu wa babu yako, na supu ya nyumba hii haikupona tena." Akameza. "Wendelin, mwanangu, mbona unasimama mlangoni kama mdai? Ingia. Lazeni hiyo kamba yenu nipate kulala."

Watawala walikuwa wamekusanyika kwenye Ngazi, kila mmoja na blanketi begani na taji kichwani, bila kukanyaga kizingiti. Mbele yao alisimama Baldwin, mtawala wa Ngazi, mtu mwembamba mwenye pua nyekundu, theluji ikimjaa kwenye matundu ya taji. Padri Anselm, mzee aliyewahudumia wote na kwa hiyo hakuwa raia wa yeyote, alitoa kamba katika mfuko. Nayo ilikuwa ikikatwa kila kizazi pamoja na nchi. Ilitosha kufika kutoka ukuta hadi ukuta.

Wendelin akaipokea. Ilikuwa nyepesi, na ilinuka jasho la farasi.

Hapa inabidi kusimama kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe alisimama. Alikuwa na njia mbili. Angeweza kuilaza kamba kati ya kitanda na dirisha, hivi kwamba upande mmoja uwe na meko na mama, na upande wa pili uwe na dirisha tupu. Na hiyo isingekuwa sawa, na Ottmar angechukua vyote viwili, na Gisela angezalia kwenye baridi. Au angeweza kuilaza kati ya meko na kitanda. Moto huku; mama na dirisha kule. Je, hizo zilikuwa sawa? Mama mmoja na dirisha moja, kwa moto mmoja? Alijiambia kwamba zilikuwa sawa. Akatazama. Hakuitazama sakafu. Alimtazama Ottmar akipuliza kijiko, akauona uso wake, akaona ulivyomwinamia mama kama nyumba inayoegemea upande mmoja. Na akajua.

Akailaza kamba kati ya meko na kitanda.

"Mdogo achague," Padri Anselm alisema.

Ottmar hakuweka kijiko chini. "Mama," alisema.

"Sema upande," Baldwin alimsihi kutoka kwenye Ngazi. "Huwezi kusema mama. Sema dirisha."

"Dirisha basi. Lipo alipo Mama."

"Umechagua ukiwa na akili zako?"

"Binamu, wewe unatawala vipandio na theluji. Usiniulize habari za akili."

Wakacheka kule mlangoni, hata Baldwin. Padri akabariki. Ndugu wawili wakashikana mikono juu ya kamba, na mkono wa Ottmar ulikuwa wa moto, kwa sababu alikuwa ameshika bakuli la supu. Gisela akavuta kigoda karibu na meko, akakaa, akafumba macho.

Nimepata sawa na ndugu yangu, Wendelin alimwambia Mungu.

 

*

Baridi ilianza kwa heshima, kama mgeni anayebisha hodi. Ukumbi ulikuwa mrefu, na joto la meko lilikufa kabla ya kuifikia kamba. Zamani hawakuliona hilo, kwa maana kitanda kilikuwa kikisogezwa huku na huku kulingana na majira, na makaa yalikuwa yakipelekwa katika chungu chini ya miguu ya mama. Sasa kitanda kilikuwa katika nchi nyingine.

Ottmar alimfunika kwa koti lake, kisha kwa shati, kisha kwa pazia la dirisha. Pazia lilipotoka, dirisha likabaki wazi mbele yao, na ndani ya ukungu kulikuwa na watu.

Mtawala mpya hana budi kutangaza tarehe, la sivyo nchi yake haina leo. Padri alimkumbusha. Ottmar akafikiri, akiwa amekumbatia miguu ya mama yake, akasema, "Kwangu leo ni juma lililopita."

"Kwa nini juma lililopita?"

"Kwa sababu baba alikuwa hajafa."

Hakuna sheria iliyokataza. Padri akapiga kengele ndogo, na upande wa dirisha ikawa juma lililopita. Mama akageuza kichwa kwenye mto, akatabasamu kwa mtu ambaye Wendelin, akiwa Januari, hakuweza kumwona.

"Umerudi," mama alimwambia mtu huyo. "Basi weka kuni, mzee. Watoto wako wamesahau."

Lakini baridi haikufuata kalenda. Ilikuwa ile ile pande zote za tarehe.

Mungu, nina moto, Wendelin alisali. Umenipa moto. Uko hapa, naweza kuugusa. Mtu mwenye moto na mama anayetetemeka, na kati yao kamba ambayo mtoto anaweza kuiruka. Nani ameniwekea kamba hii? Nimeiweka mimi. Nani aliniagiza? Haki. Haki ni nani?

Akaenda akasimama kwenye kamba. Ottmar naye akaja akasimama upande wake. Vidole vya miguu yao vilikaribia kugusana.

"Kaka," Ottmar alisema. "Mama anatetemeka."

"Namwona. Mlete huku."

"Nikimleta kwenye moto wako nimeiacha nchi yangu. Anayeiacha nchi yake hutoka kabla jua halijazama, hataombewa tena kanisani, na hataikanyaga nyumba hii. Nilimwahidi baba nitakuwa naye mpaka mwisho. Nikimleta, atakufa kwenye joto, na mimi nitakuwa barabarani." Akavuta pumzi. "Wewe niletee kaa moja. Moja tu, kaka. Dogo."

"Nikikuletea, nchi yangu imekwenda nalo."

"Ndiyo."

"Gisela ana mimba. Unataka atoke hivyo kwenye theluji?"

"Sitaki. Nakuambia tu kwamba Mama anatetemeka."

Wakabaki wamesimama, na kila mmoja alikuwa akimngojea mwenzake, bila chuki. Laiti ingekuwapo chuki. Chuki ingewasukuma, mmoja angemrukia mwenzake, na kamba ingesogea kwa bahati mbaya. Walikuwa na upendo na walikuwa na sheria, na vyote viwili viliwaambia wasubiri.

Wendelin akanyanyua macho, akatazama juu ya bega la nduguye, hadi dirishani. Katika ukungu aliwaona. Mbali kabisa alikuwa Ludolf kando ya mto, na baada yake wana wake, na wana wa wana wake, wawili wawili, wakija karibu zaidi na kioo kadiri walivyokuwa wa karibuni. Kila wawili walikuwa wakigawana. Kila mkubwa alikuwa na kamba mkononi. Alikuwa ameisoma habari ya kila mgao huo, na katika kila habari iliandikwa kwamba mkubwa aliipima ardhi kwa makini. Sasa aliona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akiitazama ardhi. Walikuwa wanatazama nyuso. Yule alimtazama mdogo wake akimbembeleza farasi, akailaza kamba hivi kwamba zizi liwe upande wa mawe. Huyu alimtazama mdogo wake akitazama kaburi la mtoto, akajua atachagua makaburini, akabaki na shamba la ngano. Sheria haikumtaka mkubwa ajue kupima. Ilimtaka ajue mdogo anapenda nini. Kizazi baada ya kizazi upendo wa mmoja ulikuwa ndio kipimo cha mwingine, na waliita haki, na walishikana mikono, na walikwenda kusali.

Basi dhambi ilikuwapo. Aliitafuta miaka yote katika kamba, na ilikuwa katika jicho.

 Hakusikia furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta. Alisikia kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa wake wakati daktari amekwisha kuvaa kofia.

"Wende," mama aliita. Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini ilikuwa imerudi kutoka juma lililopita. "Nilikuwa na watoto wawili. Sasa nina nchi mbili. Msinigawe."

"Hatutakugawa, Mama."

"Mlimgawa baba yenu." Akakusanya pumzi. "Mnaogopa maneno ya kuacha nchi kana kwamba hayajawahi kutamkwa. Mimi niliyatamka nikiwa binti, pale kwenye ngazi. Nikaiacha nchi ya baba yangu mbele ya watu, nikaja kwenu. Bibi yenu aliyatamka. Kila mwanamke aliyeingia katika nyumba hii ameyatamka mlangoni. Hayaui."

Gisela alifumbua macho kule kwenye moto. Akaweka mkono juu ya tumbo.

"Nilikuwa nikilia," alisema, bila kumtazama mtu. "Hakuna aliyesimamisha harusi. Binamu Baldwin alikuwa anakula keki."

"Ilikuwa keki nzuri," Baldwin alisema kwa haya.

Gisela akainuka, akashika koleo la makaa, akachota katika moto, akamletea mumewe. Uso wake ulikuwa mkali.

"Mimi sijakubali," alimwambia. "Sikia vizuri. Sijakubali, na sijui nitazalia wapi. Lakini siwezi kukaa na joto hili mgongoni nikisikia meno ya mama yako. Sema upesi."

*

Hakuna mwanamume wa ukoo ule aliyewahi kusema maneno hayo, kwa hiyo ilichukua muda kuwapanga watu. Padri Anselm aliwaita watawala wasogee kizingitini wawe mashahidi: wa Ngazi, wa Kisima, wa Ghala, wa Mnara usio na kengele. Wendelin alisimama kwenye kamba na koleo mkononi. Makaa yalikuwa mekundu. Hatua chache mbele yake chungu kilikuwa tayari chini ya miguu ya mama, na Ottmar alikuwa amepiga magoti akikishika kwa mikono miwili.

"Mimi Wendelin," alisema, "mbele ya Mungu na mbele ya ndugu zangu, naiacha nchi yangu."

Akainua mguu.

"Bado," Padri alisema.  "Nisamehe, mwanangu. Nchi haiachwi kwa neno moja. Lazima uitaje. Usipoitaja, hujaiacha, na makaa yakivuka yatakuwa ya wizi. Nusu zote mbili zitakuwa hazina mwenyewe, na mama yako atalala pasipo nchi."

"Taja, kaka," Ottmar alisema. "Taja haraka."

Wendelin akataja. Hilo ndilo jina lililokuwa refu kuliko nchi. Aliacha Ukumbi na nusu ya Ukumbi. Aliacha Ngazi, ambayo haikuwa yake tangu enzi za babu. Aliacha Kisima pamoja na ndoo. Aliacha Mnara, kengele iliyoyeyushwa, ua wa kasri, lango, daraja la juu na daraja la chini. Aliyasema kwa kasi, maneno yakigongana, na makaa yakaanza kuvaa kijivu. Aliacha mtaa wa wafuma vitambaa, mtaa wa watengeneza mapipa, soko la bata. Aliacha kijiji baada ya kijiji, na kila kijiji na kanisa lake, na kila kanisa na mtakatifu wake, kwa kuwa mababu hawakutaka kumwudhi mtakatifu yeyote. Mama alikuwa ameacha kutetemeka. Mwanzoni walidhani ni nafuu. Aliacha kiwanda cha chumvi. Aliacha msitu wa kwanza pamoja na kulungu wake. Alikuwa katikati ya msitu wa pili, anaitaja misonobari, aliposikia chungu kikiwekwa chini sakafuni.

Ottmar alikuwa ameweka sikio kwenye kifua cha mama. Alikaa hivyo. Kisha akainuka taratibu, akavuta pazia likamfunika uso.

Kwenye Ngazi watawala wakavua mataji.

"Acha, kaka," Ottmar alisema. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa tupu, kama chumba kilichohamwa. "Hakuna haja tena. Rudi kwenye moto wako. Mkeo asitoke nje."

"Kiapo kilichoanzwa kinaweza kuachwa njiani?" Baldwin alimnong'oneza Padri.

"Sijui," Padri alisema. "Hakijawahi kuachwa. Waliokuwa wakiapa walikuwa wanawake, na hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanataka kuendelea."

Wote wakamtazama Wendelin. Makaa mkononi mwake yalikuwa meusi. Moja tu, chini kabisa, lilikuwa na alama nyekundu ndogo. Angeweza kurudi. Meko yalikuwa yale yale, mtoto angezaliwa kwenye joto, na baada ya miaka mtoto huyo angepata nduguye, na kamba, iliyobaki fupi kama mkono, ingelazwa mbele ya meko, na mkubwa angemtazama mdogo usoni. Aliona yote hayo bila kugeukia dirisha. Akamtafuta Gisela. Gisela alikuwa anafunga shali kifuani, polepole, kwa mafundo, kama anavyofunga mtu anayekwenda nje.

Mungu, sina cha kuokoa. Nataka tu kumaliza sentensi.

"Naacha msitu wa pili," Wendelin alisema, "pamoja na misonobari yake. Naacha mto. Naacha kipande cha shayiri kando ya mto, pale alipolala kaka yake Ludolf, ambaye hakuna anayelijua jina lake. Naacha bonde lote, kama lilivyokuwa asubuhi ya kwanza."

Akaishia hapo, na Padri akamkumbusha kwa upole kwamba jina limekwisha, na kwamba kilichobaki ni ahadi, ambayo kila mwanamke aliisema kwa maneno aliyopewa.

"Mimi sikupewa maneno," Wendelin alisema.

"Basi sema yako."

Akavuka kamba. Akaliweka lile kaa moja katika chungu, chini ya miguu ya mama, ambapo halikuwa na kazi. Na wakati ule, kwa mara ya kwanza tangu farasi wa Kaisari, kitu kilichogawanywa katika nyumba ile kikawa kimoja tena: chumba, na maiti ndani yake. Kisha akasimama mbele ya mdogo wake, akainamisha macho hadi kwenye mikono yake mikubwa, hapo akayaacha. Akasema kwa sauti, ili wa Ngazi asikie, na wa Kisima, na wa Ghala, na wa Mnara:

"Naahidi mbele yenu nyote. Nitatoka kabla jua halijazama, na mke wangu, na mtoto ambaye hana nchi. Msituombee kwa jina. Na huko tutakakokuwa, nikiishi, sitautazama tena uso wa mtu ninayempenda nikitafuta mahali pa kulaza kamba."